Traki ya 18: Tafakari Kuhusu Orodha na Mali Yake

Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii imezoeleka kusemwa kwa wenye maduka, na wengi huisikia kama onyo la wizi: andika ulichonacho usije ukaibiwa. Lakini imebeba jambo zito kuliko wizi. Inasema kwamba mali inaweza kupotea ikiwa bado ipo pale pale ilipowekwa, haijaguswa na mkono wa mtu, kwa sababu tu hakuna daftari la kumwonyesha mwenyewe ilipo. Katika tafakari hii nadai kwamba orodha ya vitu ni sehemu ya vitu hivyo, na kwamba kuitunza ni kazi ya akili ambayo mwenye mali hapaswi kuiacha mikononi mwa mtu mwingine, au mwa mashine, bila kuielewa. Ushahidi wa kwanza nitautoa mahali ambapo huenda msomaji hapatarajii: katika programu zilizotumika kusimamia saraka za disketi kwenye kompyuta ndogo za nyumbani za miaka ya 1980. Ushahidi wa pili nitautoa Alupe, mpakani mwa Kenya na Uganda, kwenye barabara ya kutoka Busia kwenda Malaba, ambako maabara, mashamba ya majaribio, chuo kikuu na foleni za malori ya mpakani vyote vinaishi kwa kutegemea orodha.

Tuanze na mashine. Commodore 64 ilitoka mwaka 1982 nchini Marekani, ikanunuliwa kwa mamilioni huko na Ulaya. Wengi walioweza waliiunganisha na draivu ya 1541, iliyosoma disketi nyembamba za inchi tano na robo. Uso wa disketi hiyo umegawanywa katika miduara 35 iitwayo traki, na kila traki imekatwa katika bloku za baiti 256. Traki za nje, ambazo ni ndefu zaidi, zina bloku 21 kila moja. Za ndani kabisa zina 17. Jumla ni bloku 683, lakini mtumiaji hupewa 664 tu za kuwekea kazi zake. Zile 19 zilizobaki ziko zote kwenye traki ya 18, katikati ya disketi, nazo zimetengwa kwa ajili ya ramani ya bloku zilizo wazi na saraka, yaani orodha ya majina ya mafaili na mahali kila faili linapoanzia. Waliobuni mpangilio huo waliiweka orodha katikati ili kichwa cha kusomea kisisafiri mbali, kiwe kinaelekea traki ya 1 au ya 35. Faili lenyewe halilazimiki kukaa mahali pamoja. Bloku zake hutawanyika, kila moja ikibeba baiti mbili zinazotaja bloku inayofuata, mpaka mwisho wa mnyororo. Saraka inajua mwanzo wa mnyororo huo. Ukiipoteza, bloku 664 zote zitabaki salama, kila herufi mahali pake, na bado kwa mtumiaji wa kawaida disketi itakuwa tupu. Mjuzi anaweza kuzisoma bloku moja baada ya nyingine, akaifuatilia minyororo na kuiunga upya. Lakini majina hayarudi, kwa kuwa hayakuandikwa kwingine kokote.

Mashine yenyewe haikumrahisishia mtu kazi ya kuiona orodha hiyo. Amri ya kawaida ya kuita saraka iliipakia kwenye kumbukumbu ya kompyuta kana kwamba ni programu, na kwa kufanya hivyo ilifuta programu yoyote ambayo mtumiaji alikuwa anaiandika wakati huo. Kutazama ulichonacho kulikuwa na gharama ya kupoteza unachokifanya. Ndiyo maana programu ndogo za kusimamia saraka zilithaminiwa sana. Zilimwezesha mtu kuitazama orodha bila kuharibu kazi iliyo mbele yake, kubadilisha majina, kupanga mafaili kwa utaratibu anaoutaka, kufunga faili muhimu lisifutwe kwa bahati mbaya, na kuingiza mistari ya kutenganisha kundi moja na jingine. Disketi hizo hazikuwa na folda ndani ya folda. Kulikuwa na orodha moja tu, yenye nafasi 144, hata kama bloku tupu zimebaki nyingi. Jina halikuzidi herufi 16. Tarehe haikuandikwa kabisa, kwa hiyo aliyetaka kujua barua ipi ni ya juzi na ipi ni ya mwaka jana alilazimika kuiweka tarehe ndani ya jina lenyewe. Hata mfuatano wa majina haukuwa wa kuaminika: faili jipya lilichukua nafasi ya kwanza iliyoachwa wazi na faili lililofutwa, likajikuta katikati ya mafaili ya zamani. Utaratibu wowote uliokuwepo kwenye orodha uliwekwa na mtu aliyekaa chini akafikiri.

Lililo zito zaidi ni kufuta. Mtumiaji alipotoa amri ya kufuta faili, draivu ilibadilisha baiti moja tu kwenye saraka, ile inayotaja aina ya faili, ikaifanya sifuri, kisha ikaziandika bloku za faili hilo kwenye ramani kuwa ziko wazi. Jina lilibaki. Anwani ya mwanzo ilibaki. Mnyororo wote wa bloku ulibaki na maneno yake. Aliyekuwa na programu ya kuhariri saraka aliweza kuirudisha baiti ile, na faili likafufuka, mradi tu hakuna kilichoandikwa juu yake. Kisha palikuwepo amri nyingine iliyoitwa VALIDATE, ya kusafisha disketi. Hiyo ilifuata mnyororo wa kila faili lililotajwa kwenye saraka, ikajenga ramani mpya, na kila bloku ambayo haikuguswa na mnyororo wowote ikatangazwa kuwa wazi. Hapa orodha ndiyo hakimu. Kilichotajwa kinalindwa, kisichotajwa, hata kiwe kazi ya mwaka mzima, kimehukumiwa kufunikwa siku yoyote nafasi yake itakapohitajika. Hakuna uovu katika hukumu hiyo. Draivu haina njia nyingine ya kujua kipi kina thamani.

Kompyuta za ofisini hazikutofautiana na hizo kwa msingi. Ofisi nyingi za Afrika Mashariki ziliingia katika zama za kompyuta ndogo kupitia mashine za DOS, na disketi zake za inchi tatu na nusu za ujazo mkubwa zilikuwa na saraka kuu yenye nafasi 224, majina yasiyozidi herufi nane pamoja na tatu za kuonyesha aina. Kwenye DOS, kufuta faili kulimaanisha kuweka alama juu ya herufi ya kwanza ya jina lake na kuzitangaza nafasi zake kuwa wazi, huku maneno yenyewe yakibaki. Peter Norton alijenga jina lake mwaka 1982 kwa programu iliyoweza kurudisha mafaili ya namna hiyo, na toleo la tano la MS-DOS, mwaka 1991, lilikuja na amri yake yenyewe ya kurudisha. Amri hiyo ilipoona faili linaloweza kuokolewa, ilimwonyesha mtumiaji jina lililokatwa kichwa, kisha ikamwomba aandike herufi ya kwanza. Mashine ingeweza kurudisha kurasa zote za ripoti, isipokuwa ile herufi moja, ambayo ilibaki tu katika kumbukumbu ya binadamu aliyelipa faili jina. Sijui mfano ulio wazi zaidi wa ukweli ninaoutetea: orodha haiwezi kujikamilisha bila mtu anayejua kilichoorodheshwa.

Sasa twende Alupe. Katika miaka ya 1950, chini ya utawala wa pamoja wa maeneo ya Afrika Mashariki, hapo palianzishwa kituo cha utafiti wa ukoma kwa ajili ya Kenya, Uganda na Tanganyika, ambacho baadaye kilibeba jina la mtaalamu John Lowe. Dakta James Ross Innes, aliyezunguka maeneo hayo akipima ukubwa wa ugonjwa, alifanya kazi ambayo kimsingi ilikuwa ya kuorodhesha: nani anaugua, kijiji gani, ukoma wa aina gani, tangu lini. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, taasisi zake za utafiti ziligawanyika kwa mipaka ya nchi, na KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba iliyoundwa mwaka 1979, ndiyo iliyoendelea na utafiti wa afya Alupe. Fikiria tabia ya ugonjwa wenyewe. Vimelea vya ukoma huzaliana polepole sana. Dalili huchukua wastani wa miaka 5 kujitokeza, na zinaweza kuchelewa hata miaka 20 au zaidi. Maana yake ni kwamba mtoto aliyeishi nyumba moja na mgonjwa anaweza kuhitaji kutafutwa akiwa mtu mzima mwenye familia. Muda wa kumfuatilia mtu mmoja ni mrefu kuliko maisha ya disketi nyingi, mrefu kuliko utumishi wa karani, na katika historia ya Alupe, mrefu kuliko umri wa jumuiya nzima ya nchi tatu. Katika kazi kama hiyo daktari hawezi kuitegemea kadi ya mgonjwa peke yake. Anahitaji orodha inayosema kadi ipo, iko wapi, na inahusiana na kadi zipi nyingine. Ikikatika orodha, utafiti wa miongo hugeuka rundo la karatasi, kila moja ikiwa kweli, na zote kwa pamoja zikiwa hazijibu swali lolote.

Jambo hilo hilo linaonekana kwenye mashamba ya KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo la Kenya, jirani hapo hapo Alupe, ambako mazao kama mtama na muhogo hufanyiwa majaribio. Mbegu za aina mbili za mtama zinaweza kufanana hata mtaalamu asizitofautishe kwa macho. Kinachofanya pakiti moja kuwa matokeo ya misimu kadhaa ya kazi, na nyingine kuwa chakula tu, ni namba iliyoandikwa juu yake na mstari unaolingana nayo kwenye daftari. Na mwaka 2020, wakati wa korona, maabara ya KEMRI ya Alupe ilipopima sampuli za madereva wa malori huku foleni zikinyooka kilomita nyingi kutoka Busia na Malaba, kila dereva alikuwa akisubiri vitu viwili vikutane: majimaji yaliyochukuliwa puani mwake na jina lake kwenye orodha. Sampuli isiyo na jina haina matokeo, hata mashine ya kupimia iwe bora namna gani.

Mpaka wenyewe umeishi kwa ukweli huu tangu zamani. Lori linaloondoka Mombasa na shehena ya kwenda Kampala lina miili miwili: ule wenye magurudumu na ule uliomo kwenye mfumo wa forodha. Kenya ilianza kutumia mfumo wa Simba mwaka 2005, Uganda ikitumia ASYCUDA, uliobuniwa chini ya Umoja wa Mataifa mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa ajili ya kompyuta ndogo za wakati huo. Kwa hiyo shehena moja ilikuwa na saraka mbili zisizosomana, na wakala wa forodha alilazimika kuingiza upya upande wa pili yale ambayo tayari yalikuwa yameingizwa upande wa kwanza. Mradi wa RADDEx wa kuunganisha data za mamlaka za mapato ulizaliwa kutokana na adha hiyo, na kituo cha pamoja cha forodha cha Busia, kilichozinduliwa rasmi Februari 2018, kiliendeleza azma ile ile ya kulifanya lori lishughulikiwe mara moja. Lakini mpaka pia unafundisha upande wa pili wa shilingi. Kuna ulaghai wa siku nyingi ambapo mizigo iliyoandikwa kwamba inapita Kenya kwenda nchi jirani hushushwa njiani na kuuzwa bila kulipiwa ushuru, huku kumbukumbu zikionyesha imevuka. Hapo orodha ina jina, na nyuma ya jina hakuna kitu. Vifaa vya kufuatilia mizigo kwa setelaiti viliwekwa kwa sababu hiyo: kuhakikisha jina na mwili vinasafiri pamoja. Nikisema orodha ni sehemu ya mali, sisemi inatosha peke yake. Anayeitunza ana wajibu wa kwenda kutazama.

Pingamizi la kwanza linatoka kwa wenye simu za kisasa. Watasema: zama za kupanga mafaili zimepita, andika neno moja kwenye sehemu ya kutafuta, utakipata unachokitaka. Mwaka 2021 jarida la mtandaoni la The Verge liliripoti wahadhiri nchini Marekani walioshangaa kugundua kwamba wanafunzi wao wa sayansi hawakuelewa walipoulizwa faili lao wamelihifadhi wapi. Kwao mafaili yote yalikuwa kwenye fungu moja lisilo na pembe wala tabaka. Wapo waliosema hilo ni badiliko la kizazi tu na halina ubaya. Nakubali kwamba kutafuta kwa neno ni msaada mkubwa, na hakuna mwenye busara atakayetaka kuuacha. Lakini kutafuta kunamfaa anayekumbuka kwamba kitu kipo na anajua neno lililomo ndani yake. Picha ya cheti iliyopigwa kwa simu na kupewa namba na kamera haina neno la kutafutwa. Barua iliyoskaniwa na kuhifadhiwa kama taswira haina pia. Zaidi ya hayo, mtu hawezi kutafuta alichosahau kwamba anacho. Saraka ikisomwa kutoka juu hadi chini humkumbusha mwenye mali alivyo navyo, humwonyesha kinachojirudia na humfichulia pengo: ripoti za miaka mitatu zipo, ya mwaka wa nne haipo. Kutokuwepo kwa kitu hakuonekani kwa kutafuta. Kunaonekana kwa kusoma orodha. Na mkaguzi wa hesabu, mtafiti wa magonjwa na ofisa wa forodha, wote hutafuta zaidi kile kisichokuwepo.

Pingamizi la pili lina uchungu wa historia. Mashine hizo, watasema, zilikuwa za watoto wa nchi tajiri. Mwaka 1974 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta, baada ya hasara katika mradi wa kuweka hesabu za serikali kwenye mitambo. Kenya haikufika huko, lakini kompyuta ya nyumbani ilibaki kitu cha watu wachache sana mijini. Kwa nini kijana wa Teso Kusini abebeshwe kumbukumbu za sebule za watu wengine? Hoja hii ni ya haki kama ninachopendekeza kingekuwa kumbukumbu. Ninachopendekeza ni kifaa cha kufundishia. Leo zipo programu za bure zinazoiga Commodore 64 na draivu yake kikamilifu, VICE ikiwa mojawapo, na zinafanya kazi kwenye kompyuta kuukuu isiyo na intaneti. Nakala nzima ya disketi, bloku zote 683, ni baiti 174,848, ndogo kuliko picha nyingi zinazopigwa kwa simu. Na udogo huo ndio unaoifanya ifae. Mwanafunzi anaweza kuiona saraka yote, baiti kwa baiti, katika kipindi kimoja. Akafuta faili na kuona kilichobadilika. Akalirudisha kwa mkono wake. Akavunja mnyororo na kuona madhara. Kwenye simu yake hawezi kufanya hata moja kati ya hayo, kwa kuwa iliundwa kumfichia hayo yote. Elimu haiulizi chombo kilizaliwa wapi. Inauliza kinaonyesha nini.

Pingamizi la tatu ndilo zito kuliko yote, na wenyeji wa mpakani wana haki ya kulitoa. Orodha zimewahi kutumika kuwatesa watu. Sheria ya kikoloni ya kuwasajili Waafrika, iliyopitishwa mwaka 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ilimlazimu mwanamume Mwafrika wa Kenya kubeba kipande chenye jina, alama za vidole na kumbukumbu za mwajiri wake. Kuorodheshwa kuwa mgonjwa wa ukoma kulimaanisha mara nyingi kutengwa na jamaa. Na mpaka ulipowagawa Wateso, na majirani zao Waluhya pia, uliwaweka ndugu wa ukoo mmoja kwenye madaftari ya serikali mbili, kila moja ikimwona wa upande wa pili kama mgeni. Je, kuipenda orodha si kumpenda mtawala? Jibu langu ni kwamba historia hiyo hiyo ndiyo sababu ya mwananchi kuielewa orodha kutoka ndani. Aliyebeba kipande hakuweza kuuliza kilichoandikwa kinahifadhiwa wapi, nani anakisoma, na kinafutwaje. Leo anaweza. Oktoba 2021 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba kadi ya utambulisho iitwayo Huduma ilitolewa kinyume cha sheria, kwa kuwa serikali haikufanya kwanza tathmini ya athari zake kwa data za watu kama Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inavyotaka. Kesi hiyo ilihusu orodha, na waliokwenda mahakamani walijua maswali ya kuuliza. Kuiogopa orodha hakumlindi mtu. Orodha itaandikwa akiwa hayupo. Kinachomlinda ni kuijua inavyofanya kazi.

Sheria hiyo ya 2019 inampa Mkenya haki ya kudai data zake zirekebishwe au zifutwe, na Uganda ilipitisha sheria ya aina hiyo mwaka huo huo. Hapa somo la disketi linakuwa la lazima. Kufuta ni kuondoa jina, au kuondoa kitu? Karani anayebofya alama ya pipa la taka huamini amemaliza kazi. Aliyewahi kuhariri saraka kwa mkono anajua kwamba huenda ameondoa jina tu. Flashi nyingi zinazopita mkono kwa mkono kwenye saiba na ofisi za mawakala wa Busia na Malaba bado zimepangwa kwa mfumo uitwao FAT, ambao mzizi wake ni wa mwaka 1977, na faili likifutwa humo, kinachobadilika kwanza bado ni herufi ya kwanza ya jina. Nakala za pasipoti, ankara na vyeti vya ushuru vinaweza kubaki ndani ya flashi iliyoazimwa, tayari kusomwa na yeyote mwenye programu ya kurudishia. Ni kweli kwamba simu za kisasa husimba data zake na kwamba hifadhi zake husafishwa kwa njia tofauti. Sitaki msomaji aamini kila kifaa ni sawa na draivu ya 1541. Lakini swali la kuuliza halijabadilika, na mtu hulijua kwa kuwa aliwahi kuona mahali fulani, kwa macho yake, jina na mwili vikitenganishwa.

Kutokana na hayo nina mapendekezo mawili. La kwanza ni la Chuo Kikuu cha Alupe, ambacho kilikuwa chuo kishiriki cha Moi mpaka kilipopata hati yake mwaka 2022, na la shule zilizo karibu nacho. Serikali ya Kenya ilianza kupeleka kompyuta kibao kwenye shule za msingi mwaka 2016, na Chuo Kikuu cha Moi kilikuwa miongoni mwa waliopewa kazi ya kuziandaa. Mtoto hujifunza kugusa picha na kufungua somo. Hilo ni jambo jema, lakini halitoshi kwa kijana atakayekuwa mpima sampuli, mtunza mbegu au wakala wa forodha. Mpeni vipindi vichache na disketi ya kuigwa: aisome saraka, ayape mafaili majina yatakayoeleweka na mtu asiyemjua, ayapange, afute na kurudisha, kisha aandike sababu ya kila alichofanya. Kazi hiyo ya mwisho ndiyo muhimu kuliko zote, kwa kuwa kupanga ni kuamua, na kila uamuzi unapaswa kuwa na mtu wa kuujibu.

Pendekezo la pili ni kwa yeyote mwenye kabati la ofisi, la kituo cha afya, la shule, la chama cha ushirika au la kanisa, upande wowote wa mpaka, ambamo bado zimo disketi za miaka ya 1980 na 1990. Sumaku yake inadhoofika, na unyevunyevu wa nchi hizi za karibu na ziwa huziotesha ukungu. Usizifute na usizitupe. Tafuta draivu ya kuzisomea kwa kebo ya USB, ambayo kwa disketi za inchi tatu na nusu bado inapatikana kwa bei nafuu, nakili kila disketi nzima bila kubadilisha kitu, na andika kwenye daftari maneno yaliyo kwenye lebo yake kama yalivyo. Kisha mtafute karani au mwalimu mstaafu aliyeyapa mafaili hayo majina, mkae naye, msome saraka mstari kwa mstari, na uandike anachokuambia kuhusu kila jina. Fanya hivyo mwaka huu, angali hai.